Barabara ya Mombo shingoni

Shangazi kanikuta barazani na sindano na uzi wa sufu, jasho linanitiririka. "Mwanangu, skafu Tanga hii, ya nani?" Nikamwambia ya Lushoto, kwenye baridi ya milima ya Usambara. Akaguna, akarudi kwenye nazi yake.

Kwanza nilitaka kufuma mandhari ya Irente: ukingo wa jabali, Mazinde kule chini, mkonge, na tambarare inayopotelea kwenye vumbi. Lakini mandhari ile ni pana, skafu ni nyembamba na ndefu. Ukiilazimisha inakuwa picha ya kalenda. Chembamba na kirefu kule milimani ni barabara. Basi nafuma barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na ushei, nikianzia chini kama basi.

Mombo ni vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mpaka michirizi isimame mfano wa safu za mkonge. Ufumaji huu hubana, kwa hiyo upande huo naanza na vitanzi vingi zaidi. Kona ni rahisi: napunguza kitanzi kushoto, naongeza kulia, baadaye nageuza. Kitambaa chenyewe kinapinda.

Soni ndiyo inayoninyima usingizi. Wafumaji wote tunaogopa kitanzi kiponyoke, maana kinaporomoka mstari hadi mstari. Hapa nakiachia makusudi. Sharti kiwe kimeongezwa katikati ya kazi; kikiachwa kinashuka hadi pale kilipoongezwa, kinakoma. Nikiachia vitatu kwenye uzi mweupe, zinabaki nyuzi zilizolegea zikining'inia kama ngazi: maporomoko ya Soni. Tena yanashuka kuelekea Mombo, yanakotakiwa kwenda.

Juu zaidi ni matuta ya kabichi na karoti, mistari ya vitanzi vya nyuma inayotuna kwa mlalo. Halafu, ukiipita Lushoto kidogo, msitu wa Magamba, kijani kizito, ambapo nahamia sindano nene ili kitambaa kiachane na ukungu upate pa kupita.

Ukiivaa, Mombo na Magamba zinaangukia kifuani pamoja. Hilo sikulipanga, nimelipenda.

Matamvua nilitamani yawe ya mkonge wenyewe, zao lililoingizwa Tanganyika mwaka 1893 na kuitajirisha Tanga. Nimeujaribu shingoni: unawasha vibaya. Mombo itapata matamvua ya pamba, Magamba haihitaji.