Stadi Iliyokatikia Kwenye Silinda Hedi

Kwa muda wa miezi miwili hivi gari langu lilikuwa likitoa mlio wa "tsi-tsi-tsi" kila asubuhi, na kwa kuwa mlio huo ulipotea mara tu injini iliposhika moto, nilijiridhisha kwamba kinachoondoka chenyewe hakihitaji fundi. Nilikosea. Manifoldi ya ekzosi, yaani bomba la matawi linalokusanya moshi wa injini, ilikuwa imeachana na silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, kwa upande mmoja; ikiwa ya baridi moshi ulipenya kwenye mwanya, na ilipopata joto ilitanuka ikauziba. Nilipofungua bamba la kukinga joto nikakuta stadi ya mwisho, iliyo kando ya silinda ya nne, imekatika, na nati yake haikuonekana. (Katika kamusi neno "stadi" ni sifa ya mtu hodari. Gereji, ni bolti isiyo na kichwa, yenye hesi pande zote mbili, na uhodari wake wote ni wa kukataa kutoka.)

Si ajabu kwamba ilikatika ya pembeni. Manifoldi ya chuma cha kusubu hupata moto mkali kuliko hedi, hurefuka na kujipinda, na stadi za mwisho ndizo husukumwa na kuvutwa zaidi kila injini inapowashwa na kuzimwa. Sisi wa Tanga tuna pia hewa ya chumvi, na stadi ya chuma cha pua ikikaa ndani ya hedi ya alumini penye unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe ambao hujibana kati ya hesi.

Ya pili niliikata mwenyewe. Niliipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikarudia alfajiri, kisha nikaharibu subira yote hiyo kwa kuchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana na kuvuta kwa nguvu upande mmoja tu. Nati ilizunguka kidogo, ikawa ngumu, halafu ikawa laini ghafla, ulaini ambao yeyote aliyewahi kukata bolti anaujua. Nilipaswa kulegeza kidogo sana, kukaza tena, kuongeza mafuta na kurudia hivyo hata kwa nusu saa, ili kutu isagike badala ya kujikusanya mbele ya hesi.

Fundi niliyemwita alikuta stadi moja imechomoza milimita tano hivi na nyingine imekatika sawa na uso wa hedi. Nilimwonyesha kwa fahari kitoleo nilichonunua, kile chenye umbo la pia na hesi za kushoto, ambacho hugongwa ndani ya tundu lililotobolewa katikati ya stadi. Akakirudisha kwenye boksi. "Hiki kikikatikia humo ndani, kaka, keekee yako haitakigusa." Kweli, vitoleo hivyo ni vya chuma kigumu sana, na kilichovunjikia ndani ya stadi hugeuza kazi ya saa moja kuwa ya kushusha hedi nzima.

Alichomoa kwanza waya wa hasi wa betri, akavisha nati ya milimita 10 kwenye kile kisiki chenye unene wa milimita 8, na kuijaza chuma cha kuchomelea kwa umeme kuanzia katikati. Nilidhani faida ni kupata mahali pa kushika kwa spana, kumbe kinacholegeza hasa ni joto, ambalo huivunja ile kutu. Wekundu ulipokwisha aligusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunywewa na hesi, kisha akaanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Nati mbili zilibanduka. Ya tatu ilitoka na stadi yake. Kwa ile iliyozama alijenga kwanza kichuguu cha chuma tone baada ya tone, akaweka washa (kile kipete bapa cha chuma), kisha nati juu yake. Chuma hicho hakishikamani vizuri na alumini, kwa hiyo hesi za hedi zilisalimika.

Moto wa gesi hakuutumia, nami nadhani alifanya vyema, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza. Kama kuchomelea kungeshindikana, tungepiga alama katikati kabisa ya stadi na kutoboa, tukianza na keekee ya milimita 3, na kuomba isiteleze kuingia kwenye alumini iliyo laini.

Tuliweka stadi mpya, gasketi mpya na grisi ya shaba, tukakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, na baada ya siku chache nikakaza tena injini ikiwa baridi. Stadi nyingine nzima tulizitoa bila shida, isipokuwa moja ya katikati iliyogoma. Hesi zake zilikuwa nzima. Fundi akazisugua kwa brashi ya waya, akasema niiache ilivyo, nami nimeiacha.