Bolti moja ya titani

Leo tumefungua sahani ya chini ya betri ya pikipiki yangu ya umeme. Bolti nne zote zimeliwa na kutu, moja imekatikia ndani. Miezi minane tu ya feri ya Likoni, Mombasa, na upepo wa chumvi!

Fundi wangu wa Changamwe akatoa bolti ya metali ya titani (titanium) aliyoihifadhi kwenye kopo. Nyepesi ajabu! Gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha kawaida ni karibu 7.8. Maji ya bahari hayaiwezi, kwani ina utando mwembamba wa oksidi unaojiziba wenyewe ukikwaruzwa. Akaipaka grisi kwanza, maana ikigusana na alumini penye chumvi, alumini ndiyo huoza.

Tesla waliweka ngao ya titani chini ya betri ya gari lao la umeme, Model S, mwaka 2014, baada ya vyuma vya barabarani kutoboa betri na kuwasha moto. Bei ndiyo kikwazo. Na mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa hapa Kwale, ukapakiwa melini Likoni hadi mgodi ulipofunga mwisho wa 2024. Roho inaniuma nikilifikiria hilo.

Bolti tatu zilizobaki nitanunua mwisho wa mwezi.