Nilivyochagua stendi ya darubini na kamera ya kuiongoza

Anayeanza kupiga picha za nyota, ukimwuliza anataka kununua nini kwanza, atakutajia darubini. Mimi nilianzia chini, kwenye stendi, na fedha nyingi niliziweka huko. Darubini ndogo juu ya stendi imara hutoa picha. Darubini kubwa juu ya stendi inayotikisika hutoa vistari.

Sababu iko kwenye hesabu. Anga huonekana kuzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo nyota husogea karibu sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Digrii moja ina sekunde za tao 3,600, kwa hiyo mwendo huo unaweza kuonekana mdogo. Sasa angalia upande wa kamera: chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali ambao lenzi yake inahitaji kukusanya mwanga uwe picha, kwa milimita. Kamera yangu ina pikseli za mikromita 3.76 na darubini yangu ina milimita 480, kwa hiyo kila pikseli inaona sekunde 1.6 za tao. Stendi ikikosea kiasi hicho tu katikati ya picha ya dakika tano, nyota inaanza kurefuka. Namba hiyo ya 1.6 ndiyo niliyotembea nayo kila nilipotazama kifaa. Mwenye lenzi ya milimita 250 ana nafasi karibu mara mbili ya yangu, na mwenye darubini ya milimita 1,000 ana nusu yake.

Stendi zinazopanda na kushuka, kulia na kushoto, niliziacha mapema. Hata zikifuata nyota vizuri, picha yenyewe hugeuka taratibu na nyota za pembeni huchora tao. Nilitaka stendi ya kiikweta, ambayo mhimili wake mmoja unaelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka.

Uzito nao una ujanja wake. Kilo zinazoandikwa na mtengenezaji ni zile ambazo stendi inaweza kubeba, na kubeba ni tofauti na kupiga picha. Wengi wetu hushika kanuni ya nusu: stendi ya kilo 20 ipe kilo 10. Darubini, kamera, darubini ndogo ya kuongozea (ile inayobeba kamera ya kuiongoza stendi) na pete za kuishikilia havikufika hata kilo 7, nikaamua kuchukua Sky-Watcher EQ6-R Pro, ya kilo 20. Niliinunua mkononi kwa mtu, na kabla ya kulipa nilikishika kichwa cha stendi na kukitikisa kwa vidole kwenye mihimili yote miwili kusikia kama gia zinacheza. Kichwa peke yake kina zaidi ya kilo 17, bado mawe ya kusawazishia. Mgongo unalalamika kila ninapokibeba.

Kweli, zile stendi mpya za gia za mawimbi, kama AM5 ya ZWO, zilinitia tamaa. Kichwa cha kilo 5 hivi kinabeba kilo 13 bila jiwe la kusawazishia. Lakini kosa la gia zake huwa kubwa na hubadilika haraka, hivyo bila kamera ya kuongozea haziendi mbali. Anayesafiri na vifaa kila mara, mimi ningemshauri achukue hizo. Mimi napigia sehemu moja.

Kuhusu kuongoza. Kamera ndogo huitazama nyota, programu hupima imehama kiasi gani, kisha huiamuru stendi irudi. Natumia PHD2, ambayo ni ya bure. Usiku wa kwanza niliiacha itazame tu bila kurekebisha, nikakodolea macho grafu. Mstari wa mhimili wa RA, ule unaofuata nyota, ulipanda na kushuka, na kilele kilirudi kila baada ya dakika nane. Ndivyo inavyopaswa: gurudumu la stendi hii lina meno 180, siku ya nyota ina sekunde 86,164, kwa hiyo skrubu inayolisukuma humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 479. Kosa linalojirudia hivyo programu hulisahihisha bila shida.

Darubini yangu ya kuongozea ina kipenyo cha milimita 50 na fokasi ya milimita 200 hivi, na kamera yake haina rangi, maana hiyo hushika nyota hafifu vizuri zaidi. Pikseli yake inaona karibu sekunde 3.9 za tao, na watu hushangaa: inawezaje kuongoza kamera ya 1.6? Programu hutafuta kitovu cha mwanga wa nyota, kwa hiyo hupima sehemu ndogo ya pikseli. Kilichonihangaisha zaidi ni kupinda. Pete zenye skrubu za plastiki ziliiachia darubini ndogo ilegee kidogo kadiri stendi ilivyogeuka: grafu inapendeza, picha ina vistari. Nikaweka pete za chuma zinazobana mzunguko mzima, na kebo zote nikazifunga zisining'inie.

Mhimili wa pili, wa Dec, ule unaosogeza darubini kaskazini na kusini, una tabia yake. Ukibadilisha mwelekeo, gia huzunguka kwanza bila kusukuma kitu. Naiambia programu isahihishe upande mmoja tu, ule ambao nyota inaelekea kuhama. Upande wa RA nauacha mzito kidogo mashariki ili meno yabaki yamegusana.

Kuelekeza stendi kwenye ncha hakuhitaji kuiona Kutubu, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Unatazama nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, yaani katikati ya ncha mbili, inapopita meridiani, ule mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita juu ya kichwa chako: ikihama kaskazini au kusini, rekebisha stendi kulia au kushoto. Kisha nyota iliyo chini mashariki au magharibi, na hapo unarekebisha kimo.

Picha za kuongozea naziweka sekunde mbili. Zikiwa fupi mno, stendi hukimbizana na mtikisiko wa hewa. Siku nikihamia darubini ya milimita 1,000 na zaidi, ile ya milimita 50 nitaiuza na kuweka prizma ndogo mbele ya kamera kubwa, ili zote mbili zitazame kupitia kioo kimoja na suala la kupinda liishe.