Kumbukumbu ya mradi: mizani ya kukagua pakiti za unga zikiwa mwendoni

Mfadhili ni kiwanda cha kusaga unga katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Watendaji ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, uhandisi wa mitambo na wa umeme. Kazi yenyewe: pakiti ya kilo 2 ipimwe bila kusimama, na iliyopungua isukumwe kando kabla ya kufungwa kwenye beli ya pakiti 12.

Makubaliano (yamefungwa)

Ombi la kiwanda huja kwa maneno: tunataka mizani ya kukagua pakiti. Maneno hayo hayachoreki. Kabla ya kununua hata bolti, yaligeuzwa kuwa namba na pande zote mbili zikatia sahihi: pakiti 30 kwa dakika, kosa lisizidi gramu 5 juu au chini, umeme wa volti 240, hewa ya bar 6 kutoka kompresa ya kiwanda. Jaribio la kupokea kazi limeandikwa pia: pakiti moja yenye uzito unaojulikana ipitishwe mara 60 mfululizo, na vipimo vyote viangukie ndani ya gramu 5. Mstari huo ndio wa kubishania kwa muda mrefu kuliko yote. Ukikosekana, mahitaji yatakua hadi wiki ya mwisho ya muhula, na msimamizi wa chuo hatakuwa na kitu cha kupimia kazi.

Mengine yaliyomo: michoro ni ya nani, picha zipi zinaweza kuonyeshwa nje, na mhandisi mmoja tu wa kiwanda wa kujibu maswali. Chombo ni cha ukaguzi wa ndani; mizani ya kuuzia iko chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na hukaguliwa na kupigwa muhuri.

Kwa wanaonunua vipuri Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki jijini: ulizeni risiti ya eTIMS (mfumo wa risiti za kodi wa KRA) kabla ya kulipa. Bila hiyo, wahasibu wa mfadhili hawana njia ya kurudisha pesa.

Mwendo wa mkanda (umekamilika)

Hapa ndipo mradi mzima unapoamuliwa. Mkanda wa kiwanda unakwenda mita 0.25 kwa sekunde. Pakiti 30 kwa dakika ni moja kila sekunde 2, yaani milimita 500 kutoka ncha hadi ncha. Jukwaa la mizani lina urefu wa mm 400, na pakiti ikilala ina mm 220. Pakiti hukanyaga jukwaa kwa mm 620, kwa hiyo kwa mwendo uleule wa 0.25 jukwaa halibaki tupu hata mara moja. Ubaya wake ni vumbi la unga: linajikusanya juu ya jukwaa, sifuri inapanda gramu kwa gramu, na mizani haipati nafasi ya kujirekebisha. Pakiti pungufu zinaanza kupita kama nzima.

Dawa ni jukwaa lenye mkanda wake wenye kasi zaidi. Kwa mita 0.40 kwa sekunde, nafasi kati ya ncha inapanuka hadi mm 800. Jukwaa linakuwa tupu kwa mm 180, sekunde 0.45, na pakiti nayo inakaa nzima juu yake kwa sekunde 0.45 vilevile. Muda huo ndio wote tulio nao.

Seli ya mzigo na HX711 (imekamilika)

Jukwaa pamoja na mota yake lina kilo 4. Ongeza pakiti, zinakuwa 6. Tumechagua seli ya mzigo, yaani kihisi kinachogeuza uzito kuwa umeme, ya kilo 10 yenye kutoa milivolti 2 kwa kila volti ikibeba mzigo wote. Ikilishwa volti 5, gramu moja ni mikrovolti moja, ishara ndogo mno. Ndiyo maana waya wa seli una ngao, ngao imefungwa ardhini upande mmoja tu, na waya haupiti bomba moja na nyaya za inveta (kidhibiti kasi cha mota).

Bodi nyingi za HX711, chipu inayogeuza ishara ya seli kuwa namba, huja zimefungwa kwenye vipimo 10 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo chipu huhitaji sekunde 0.4 kutulia. Katika sekunde 0.45 hakuna kinachobaki. Pini ya 15 ya chipu inyanyuliwe kutoka ardhini na kulehemiwa kwenye pini ya 16: vipimo vinakuwa 80 kwa sekunde na kutulia ni sekunde 0.05. Kelele za chipu zinaongezeka, lakini bado ziko chini ya gramu moja. Mtikisiko wa chuma ndio adui.

Kinga ya seli: weka mawe ya mizani ya kilo 6 juu ya jukwaa, kisha pandisha bolti ya kizuizi kutoka chini hadi iguse. Mtu akiegemea jukwaa, bolti inabeba, si seli.

Rola (kazi ya sasa)

Rola za mm 50 zina tatizo lisiloonekana kwa macho. Kwa mwendo wetu, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.39. Rola isiyo duara kamili huinua na kushusha kipimo polepole, na wastani wa muda mfupi hauwezi kufuta wimbi refu kuliko wenyewe. Rola za mm 25 huzunguka kwa sekunde 0.196, sawa na vipimo 16 hivi. Katika vipimo 36 vya kila pakiti, 20 vya mwanzo vinatupwa kwa sababu jukwaa bado linatetema. 16 vya mwisho ndivyo wastani wake unachukuliwa. Vipimo 16 ni sekunde 0.2, mizunguko 10 kamili ya umeme wa hezi 50, kwa hiyo muungurumo wa umeme nao unafutika. Mota sasa inahitaji mizunguko 306 kwa dakika badala ya 153. Gia yake inabadilishwa. Rola zinakerezwa zikiwa na mhimili wake ndani, si bomba peke yake.

Inayofuata

Silinda ya hewa ya kusukuma pakiti pungufu iko mm 300 baada ya jukwaa, kwenye mkanda unaokwenda 0.40 vilevile, kwa hiyo valvu inafunguka sekunde 0.75 baada ya ncha ya pakiti kutoka. Dayodi ya 1N4007 inakaa sambamba na koili ya valvu ya volti 24, mstari wake upande wa chanya. Bila hiyo ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha mizani, hujizima na kuwaka upya kila silinda inaporudi. Usafi ni kwa brashi na mashine ya kufyonza. Hewa ya kompresa ni marufuku hapo, maana unga ukirushwa hewani karibu na cheche hulipuka.