Kutwa na ekzosi, hapa Ngamiani

Saa 12 na nusu asubuhi nishafungua kibanda changu cha kung'arisha ekzosi, yaani mabomba ya moshi ya pikipiki, hapa Tanga. Wanadhani ni uchapakazi, kumbe nawahi ekzosi zikiwa baridi. Ikiwa ya moto, maji ya sabuni yanakaukia papo hapo na doa ninalotengeneza mimi linakuwa baya kuliko nililolikuta.

Saa 2, toyo, pikipiki ya kwanza. Inabeba samaki kutoka Sahare, na maji ya ndoo yamechuruzikia bomba mwaka mzima. Kutu kila mahali. Mwenyewe kaja na stilwaya ya masufuria, eti anirahisishie! Nimemnyang'anya. Kromu, ile inayong'aa juu ya bomba, ni ngozi nyembamba mno juu ya madini ya nikeli. Ukiikwaruza, umeifungulia chumvi njia ya kufika kwenye chuma.

Mimi natumia foili, ile ile ya kufungia chipsi. Naikunja, naichovya majini, nasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inakula kutu bila kuchora mistari. Unatoka uji mweusi, unaufuta, unarudia. Mkono unauma, lakini bomba linaanza kukuonyesha sura yako.

"Fundi, mbona vidoti vimebaki?"

"Hapo kromu ilishaondoka, kaka. Mimi nasafisha tu."

Akanuna kidogo.

Saa 5, soli ya kandambili ya abiria imeyeyukia kwenye sailensa. Hii nawasha injini kidogo mpaka raba ilainike, nazima, nakwangua kwa kijiti. Kisu marufuku.

Saa 7 nikala wali kwa nguru.

Saa 9 kijana wa Makorora anataka nimwondolee rangi ya bluu karibu na injini. Nikamwambia si uchafu, ni joto. Nikiing'arisha itafifia, na kama kabureta inapitisha petroli kidogo mno itarudi. Aanze na fundi kabureta. Akaniangalia kama nafukuza riziki, na kwa kweli nilikuwa naifukuza.

Saa 11 namalizia ya Sahare: kuikausha hadi kwenye maungio, kisha nta huku nyuma tu, maana kwenye shingo, karibu na injini, joto linaiunguza. Nikamsisitizia mwenyewe: kila jioni ikishapoa, suuza kwa maji ya bomba, futa.

Saa 12 nafunga. Akapita, kanipigia honi kwa furaha, ndoo ya dagaa nyuma inachuruzika juu ya nta yangu.