Wote Wawili Hawakuwa na cha Kulipa

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Luka 7:36–50, nami ningeomba kila mmoja alisome lote kabla ya kuendelea, kwa sababu kisa hiki tumezoea kukikumbuka kwa machozi na marhamu, tukausahau mfano mfupi wa wadeni wawili ambao Yesu aliuweka katikati yake.

Simoni Farisayo amemwalika Yesu chakulani. Mwanamke wa mji ule, ambaye kila mtu anamjua kuwa mwenye dhambi, anaingia na chupa ya marhamu, anasimama nyuma karibu na miguu ya Yesu, anailowesha kwa machozi, anaipangusa kwa nywele zake, anaibusu na kuipaka marhamu. Luka hataji jina lake wala dhambi yake. (Wako wanaomwita Maria Magdalena, mapokeo yaliyopata nguvu kutokana na mahubiri ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 591, lakini Luka humtaja Maria Magdalena katika sura ya 8 kama mtu anayemjulisha kwa msomaji kwa mara ya kwanza.) Mimi nauona ukimya huo kuwa ni wa heshima, maana hamu ya kujua alifanya nini hasa ni ya kwetu sisi, si ya Injili.

Simoni hatamki neno. Anawaza tu moyoni kwamba nabii wa kweli angemtambua mwanamke huyu. Yesu analijibu wazo hilo kwa mfano: mkopeshaji mmoja alikuwa na wadeni wawili, mmoja akidaiwa dinari 500 na mwingine dinari 50. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tuonavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Kwa hiyo wa kwanza alidaiwa jasho la zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na wa pili la kama miezi miwili. Tofauti hiyo ni kubwa na Yesu haipuuzi, lakini hapo hapo anaongeza kwamba hawakuwa na cha kulipa, naye mkopeshaji akawasamehe wote wawili. Aliyedaiwa 50 hakusamehewa kwa sababu deni lake lilikuwa dogo, kwa maana deni dogo nalo humshinda mtu ambaye hana kitu mkononi.

Tena, deni likisamehewa, hasara haitoweki. Mwenye duka wa mtaani anapolifuta jina la mteja katika daftari la mkopo, unga umekwisha kuliwa na fedha iliyoununua ilitoka mfukoni mwake, hivyo hasara ameibeba yeye. Mungu anapotusamehe hasemi kwamba dhambi si kitu; Yesu mwenyewe anakiri mbele ya wageni wote kuwa dhambi za mwanamke huyu ni nyingi. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba hati ya mashitaka yetu ilifutwa na kugongomelewa msalabani (2:14), na anawaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi (5:8), yaani kabla hatujatengenea, kabla hatujaomba hata radhi.

Ndiyo maana mstari wa 47, usemao kwamba mwanamke amesamehewa dhambi zake nyingi kwa kuwa amependa sana, unahitaji kusomwa pamoja na mfano huo. Ukisomwa peke yake, mtu aweza kudhani kwamba mwanamke alisamehewa kama malipo ya upendo wake, ilhali katika mfano mkopeshaji anasamehe kwanza, kisha ndipo linaulizwa swali la nani atampenda zaidi. Machozi yale hayakununua msamaha. Yalitoka kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba kwa Yesu hatafukuzwa, na ndiyo sababu anaambiwa kwamba imani yake imemwokoa.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja sisi ambao katika sharika zetu tunao utaratibu wa kumtenga mshirika aliyeanguka na kumpokea tena anaporudi kundini. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Nidhamu ya kanisa ina kazi yake. Linaloniumiza ni kwamba mtu akiisha kutubu mbele ya kanisa na kuombewa, bado anaweza kuishi miaka mingi akitajwa kwa kosa lake, akinyimwa nafasi katika kwaya au katika kikundi cha akina mama, kana kwamba mchungaji alimsamehe nusu na sisi tumebaki kudai nusu iliyosalia.

Simoni alikuwa mtu wa namna hiyo. Yesu anamuuliza, "Wamwona mwanamke huyu?" kisha anamtajia maji ya miguu, busu na mafuta ambavyo yeye mwenyeji hakuvitoa. Hakuwa mkatili, alikuwa mtu aliyeamini kwamba hadaiwi kitu cha maana, na kwa hiyo hakuona la kushukuru. Lakini katika mfano ule jina lake limo pia, kwa dinari 50 asizoweza kulipa, na Yesu aliyeketi mezani pake anamwambia kwamba hizo nazo zimesamehewa.