Mgeni wa Gombe kaletwa kwetu na akili mnemba

Watu wa Kigoma wenye biashara, hili ni lenu. Juzi kashuka mgeni akitokea Dar, nikamuuliza katupataje. Eti aliiuliza ChatGPT namna ya kufika Gombe, hifadhi ya sokwe, ikamjibu na kumwekea kiungo cha tovuti yetu.

Nilifurahi, maana niliipanga upya mwenyewe. Zamani nauli, saa za boti na masharti vyote vilikuwa ndani ya bango, picha ya rangirangi. Mtu anasoma, lakini roboti nyingi, yaani programu zinazosoma tovuti, hupita tu. Nikayaandika kama maandishi ya kawaida. Vichwa vya habari nikavifanya maswali ambayo wageni huuliza kweli, mfano "Gombe inafikiwaje kutoka Kigoma mjini?", na jibu likakaa sentensi ya kwanza: kwa boti, hakuna barabara. Habari za mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika 1960 zikashuka chini. Bei nikazitia tarehe. Bei isiyo na tarehe hata mimi siiamini.

Kilichoniudhi ni faili la robots.txt, linaloziambia roboti wapi zisiingie kwenye tovuti. Fundi wa mwanzo alizuia roboti zote, hata OAI-SearchBot inayohudumia utafutaji wa ChatGPT. GPTBot ni nyingine, hukusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba. Unaweza kuizuia hiyo, ile ukaiachia mlango.

Ila anayekuuzia uhakika wa kutajwa na akili mnemba, mkimbie. Hakuna mwenye uhakika huo.

Na wewe mwenye gesti Ujiji uliyeniuliza inboksi namna ya kufanya hivi, njoo na kompyuta. Bango liache nyumbani.